Kazi ya programu: kutoka mezani hadi ughaibuni

Kazi ya kutengeneza programu za kompyuta inaweza kufanyika Mbezi, Kisumu au Bujumbura na malipo yake yakatoka Berlin au Boston. Kwa Afrika Mashariki mlango huo ulianza kufunguka mwaka 2009, nyaya za chini ya bahari za SEACOM na TEAMS zilipofika pwani, zikafuatiwa na EASSy mwaka 2010. Kabla ya hapo intaneti ya kwenda nje ilitegemea setilaiti, kwa bei ambayo kijana anayejitegemea asingeimudu. Ujuzi wa lugha za programu hupimwa kwenye usaili, na aliyeajiriwa tayari ameuthibitisha. Kinachoamua kama atadumu ni mambo mengine: mwili unaohimili kukaa kutwa, umeme na intaneti vya kutegemewa, maandishi yanayoeleweka, na mkataba unaolinda jasho lake. Hata anayekusudia kuhama kabisa huhitaji kuyaweka sawa hayo kwanza, kwa kuwa ndiyo yatakayompa uzoefu wa kuombea kibali.

Meza, kiti na macho

Tatizo la kwanza mezani ni kompyuta mpakato yenyewe. Kioo na kibodi vimeungana, kwa hiyo mikono ikikaa vizuri shingo inainama, na kioo kikiinuliwa mikono inaning'inia. Dawa yake haina gharama kubwa. Kompyuta huinuliwa juu ya stendi au kisanduku imara mpaka ukingo wa juu wa kioo ulingane na macho au ushuke chini yake kidogo, kisha kibodi na kipanya vya kuchomeka huwekwa mezani. Kioo kikae umbali wa mkono ulionyooshwa, viwiko vikunjwe kwa pembe ya karibu nyuzi 90, mabega yalegee na nyayo zikanyage sakafu.

Meza nyingi za dukani zina kimo cha sentimita 72 hadi 75, ambacho kwa mtu mfupi huinua mabega kutwa nzima bila yeye kujua. Maseremala wa Keko jijini Dar es Salaam, au wale wa kando ya Ngong Road jijini Nairobi, hutengeneza meza kwa kimo chochote, ilimradi mteja afike na kipimo chake. Kipimo hupatikana hivi: mtu akae kwenye kiti atakachokitumia, nyayo zikiwa chini, akunje viwiko, kisha mwenzake apime kwa futi ya fundi kutoka sakafuni hadi chini ya kiwiko. Namba hiyo ndiyo kimo cha meza. Upana wa kutoka ukingoni hadi ukutani usipungue sentimita 70, vinginevyo kioo kitamkaribia mno.

Kiti kinastahili pesa zaidi kuliko meza. Kiti cha ofisi cha mtumba chenye mgongo wa wavu kwa kawaida hushinda kiti kipya cha ngozi bandia cha bei ileile, hasa Mombasa, Tanga na Dar es Salaam ambako ngozi bandia hulowesha mgongo kwa jasho ifikapo mchana. Kabla ya kununua, mnunuzi akae dakika kumi nzima pale dukani na kuangalia kama kiti hakishuki polepole chenyewe. Asiye na uwezo huo bado anaweza kukunja taulo na kuliweka usawa wa kiuno kwenye kiti cha mbao. Ganzi ya vidole au maumivu ya kifundo cha mkono yanayorudi kila siku si uchovu wa kawaida; ni sababu ya kumwona daktari mapema, kwani mkono ulioumia hauponi kwa kuvumilia.

Macho nayo hukauka kwa sababu mtu anayekodolea kioo hupepesa kope mara chache kuliko kawaida. Ushauri unaotolewa sana na wataalamu wa macho ni kuangalia kitu kilicho umbali wa mita 6 kwa sekunde 20, kila baada ya dakika 20. Feni isielekezwe usoni. Dirisha liwe ubavuni, lisiwe nyuma ya kioo wala nyuma ya mgongo.

Umeme na intaneti

Mwajiri aliye nje haoni giza la mtaani. Anachoona ni mtu aliyetoweka katikati ya kikao. Kwa hiyo umeme wa akiba ni kifaa cha kazi sawa na kompyuta, na hesabu yake inafaa kupigwa kwa kalamu kabla ya kwenda dukani.

Mfano mmoja unatosha. Betri ya sola ya volti 12 na saa-ampea 100 ina wati-saa 1,200. Ikiwa ni ya risasi na asidi, inafaa kutumia nusu tu ili isife mapema, yaani wati-saa 600, na inveta hupoteza karibu asilimia 15 ya hizo. Zinabaki kama 510. Kompyuta mpakato ikila wati 45, kioo cha nje 20, ruta 10 na taa 8, jumla ni wati 83, na betri hiyo itafika saa sita. Kioo cha nje kikizimwa itafika saa nane. Betri ya lithiamu ya uwezo uleule inaruhusu kutumia sehemu kubwa zaidi ya chaji na huishi miaka mingi zaidi, ila bei yake ya kuanzia iko juu. Anayeanza anaweza kutosheka na betri ya kompyuta yenyewe pamoja na kifaa kidogo cha volti 12 cha kulisha ruta, maana ruta nyingi hutumia umeme mdogo wa aina hiyo moja kwa moja, bila inveta.

Umeme unaporudi huwa na madhara zaidi kuliko unapokatika. Volti hupanda ghafla na kuunguza chaja, wakati mwingine na ubao mama. Stebilaiza inayochelewesha umeme kwa dakika chache huzuia hasara hiyo. Asiye nayo achomoe vifaa pindi umeme unapokatika.

Upande wa intaneti, watu wengi huweka faiba nyumbani na bando la simu kama akiba, na ni mpango mzuri mradi laini ya simu iwe ya kampuni nyingine. Lakini una mipaka yake. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za EASSy na SEACOM zilikatika kwa pamoja, na intaneti ikadorora Tanzania, Kenya, Uganda na nchi jirani. Faiba na simu ziliyumba siku moja kwa kuwa zote hupita katika nyaya zilezile baharini. Katika nchi ambako intaneti ya setilaiti ina leseni, kama Kenya na Rwanda, inatoa njia ya tatu, na vikundi vya wataalamu wanaoshirikiana chumba cha kazi huweza kuchangia gharama yake.

Kinga nyingine haigharimu chochote. Git huhifadhi historia nzima ya mradi ndani ya kompyuta ya kila mshiriki, hivyo kazi inaweza kuendelea siku nzima bila mtandao na kutumwa jioni. Sharti ni kujiandaa kabla: maktaba zote za mradi ziwe zimeshapakuliwa, nyaraka za lugha na zana zihifadhiwe kwenye diski, na hifadhidata ya majaribio iendeshwe papo hapo kwenye kompyuta. Aliyezoea kuvuta kila kitu kutoka mtandaoni kila asubuhi ataligundua pengo hilo siku mbaya kuliko zote.

Saa na maandishi

Ratiba ya kazi na Ulaya ni nyepesi. Saa tatu asubuhi ya Berlin ni saa nne hapa wakati wa kiangazi chao na saa tano wakati wa baridi. Kwa New York, saa tatu asubuhi yao ni saa kumi au kumi na moja jioni ya Afrika Mashariki. Saa nne za kukutana humaliza kazi saa mbili au saa tatu usiku, na maisha ya familia bado yanawezekana. San Francisco ndiyo ngumu: asubuhi yao huanza hapa saa moja au saa mbili usiku. Anayekubali kazi ya huko aombe saa za kukutana ziandikwe kwenye mkataba, tatu au nne kwa siku, na zilizobaki apange mwenyewe. Kufanya kazi usiku kucha na kushinda mchana na shughuli za nyumbani hakuhimiliki kwa mwaka mzima.

Marekani husogeza saa mbele Jumapili ya pili ya Machi na kuirudisha Jumapili ya kwanza ya Novemba. Ulaya hufanya hivyo Jumapili ya mwisho ya Machi na Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Katika majuma yaliyo kati ya tarehe hizo vikao vingi hukosewa. Kuandika muda kwa saa 24 ukifuatwa na UTC, kwa mfano 13:00 UTC, huondoa utata huo na ule wa saa ya Kiswahili kwa pamoja.

Timu iliyotawanyika huishi kwa maandishi, na hapa ndipo watu wengi wenye uwezo mkubwa hupoteza heshima yao bila kustahili. Malezi ya Afrika Mashariki hufundisha kutomsumbua mkubwa na kutotangaza shida mpaka imetatuliwa. Ni adabu njema ana kwa ana. Mbele ya meneja aliye mbali, ukimya wa siku mbili husomeka kama uzembe. Aliyekwama kwa saa nzima bila kusogea aseme, na aseme alichojaribu.

Ujumbe wa mwisho wa siku usiwe "bado naendelea." Unaofaa ni wa namna hii: "Ukurasa wa malipo umekamilika na majaribio yote yamepita. Kadi zilizoisha muda bado zinakubaliwa. Chanzo kipo kwenye ukaguzi wa tarehe, nitakirekebisha kesho kabla ya 12:00 UTC. Nahitaji uamuzi mmoja: kosa lionyeshwe mnunuzi anapoandika tarehe, au baada ya kubonyeza kulipa?" Meneja anayeamka saa saba baadaye anajua kilichokwisha, kilichobaki na anachotakiwa kujibu. Kiingereza cha ujumbe huo kinaweza kuwa na makosa ya sarufi bila madhara yoyote, ilimradi mambo hayo matatu yawepo.

Kupata kazi na kukwepa mitego

Soko la nje linapendelea wenye uzoefu. Andela, iliyoanzishwa mwaka 2014 kwa lengo la kufundisha vijana wa Afrika na kuwaunganisha na kampuni za nje, ilipunguza takriban wafanyakazi 400 wa ngazi ya chini katika Nigeria, Kenya na Uganda mnamo Septemba 2019, kwa kuwa wateja wake walikuwa wakitaka waliobobea. Kwa hiyo miaka miwili au mitatu ya mwanzo haipotei ikitumika katika benki, kampuni ya simu au kampuni ndogo ya hapa nyumbani, mradi pawepo mtu mzoefu anayekagua msimbo wa mgeni na kumkosoa. Aliyewahi kuunganisha mfumo wa duka na M-Pesa, akashughulikia malipo yaliyotumwa mara mbili na yaliyopotea njiani, ana hadithi ya usaili yenye uzito kuliko vyeti kumi vya kozi za mtandaoni.

Kadiri ujuzi unavyotafutwa ndivyo matapeli wanavyozidi. Mwajiri wa kweli hamwombi mwombaji pesa ya fomu, ya viza wala ya kompyuta. Mtego mpya zaidi ni jaribio la usaili lenyewe. Mwaka 2022 wadukuzi waliiba zaidi ya dola milioni 600 kutoka mtandao wa Ronin wa mchezo wa Axie Infinity. Taarifa za baadaye zilieleza kuwa waliingia kupitia ofa ya kazi ya uongo aliyotumiwa mhandisi mmoja, na FBI ililihusisha tukio hilo na Korea Kaskazini. Tangu mwaka 2023 watafiti wa usalama wameripoti "waajiri" wanaowatuma waombaji kupakua mradi na kuuendesha, kumbe ndani yake mna programu ya kuiba nywila. Mradi wowote wa usaili uendeshwe ndani ya kompyuta pepe isiyo na funguo za kazi, akaunti za benki wala pochi za sarafu za kidijitali.

Upo mtego mbaya kuliko huo. Vijana kutoka Kenya, Uganda na nchi nyingine za Afrika wamesafirishwa kwenda Thailand kwa ahadi ya kazi za kompyuta au huduma kwa wateja, wakavushwa mpaka hadi Myanmar na kufungiwa katika makambi ya utapeli wa mtandaoni. Baadhi walirudishwa nyumbani na serikali zao baada ya mateso. Ofa ya kazi ya Asia ya Kusini-Mashariki isiyo na usaili wa maana, yenye tiketi ya haraka na viza ya utalii, ikataliwe hata kama imeletwa na rafiki.

Mkataba, malipo na kodi

Kampuni ya nje humchukua mtu kwa njia mojawapo kati ya tatu: kama mkandarasi wa kujitegemea, kama mwajiriwa wa kampuni ya kati inayoajiri kisheria kwa niaba yake, au kama mwajiriwa wa tawi lake. Mkandarasi hulipwa fedha nyingi zaidi kwa mwezi, lakini hana likizo ya malipo, bima wala mafao. Anayelinganisha ofa ya ukandarasi na ya ajira aondoe kwanza kutoka malipo ya mkandarasi mwezi mmoja wa mapumziko, bima ya afya ya familia, akiba ya uzeeni na kodi. Mara nyingi pengo lililoonekana kubwa hupungua sana.

Vifungu vinne visomwe mara mbili. Cha kwanza ni muda wa kulipa: ankara ilipwe ndani ya siku 15 au 30, na kwa fedha ya nchi gani. Cha pili ni haki miliki. Ni halali kampuni imiliki msimbo iliyoulipia, lakini inapasa umiliki uhamie kwake baada ya malipo, na miradi binafsi ya mtu iorodheshwe kuwa haihusiki. Cha tatu ni notisi ya kuvunja mkataba, ambayo iwe sawa kwa pande zote mbili. Cha nne ni katazo la kufanya kazi kwa washindani, ambalo likiwa pana mno linaweza kumfungia mtu riziki kwa mwaka mzima. Kuomba marekebisho kabla ya kusaini ni jambo la kawaida, na kampuni makini haichukii.

Mteja wa Marekani humtumia mkandarasi aliye nje fomu iitwayo W-8BEN. Fomu hiyo inathibitisha tu kuwa mhusika si mkaazi wa Marekani kikodi. Malipo ya kazi iliyofanyika nje ya Marekani na mtu wa namna hiyo hayakatwi kodi ya zuio ya huko. Kodi ya nyumbani inabaki palepale. Mkaazi wa Tanzania hutozwa kodi kwa mapato yake yote popote yanapotoka, kiwango cha juu kwa mtu binafsi kikiwa asilimia 30. Anayejitegemea hukadiria mapato yake kwenye mamlaka ya mapato, TRA, na kulipa kwa awamu. Nchini Kenya kiwango cha juu ni asilimia 35 na ritani huwasilishwa KRA, mamlaka ya mapato ya huko, kabla ya tarehe 30 Juni ya mwaka unaofuata. Utaratibu unaoepusha mashaka ni kutenga fungu la kodi siku ileile malipo yanapoingia, katika akaunti isiyoguswa. Hati za kodi zilizonyooka pia ndizo zinazoombwa na benki kwa mkopo wa nyumba na balozi kwa viza.

Kuhamia nje

Ujerumani ndiyo iliyofungua mlango kwa upana zaidi kwa wataalamu wa programu. Tangu Novemba 2023, mtaalamu wa teknolojia ya habari asiye na shahada anaweza kupata Kadi ya Buluu ya Umoja wa Ulaya, akithibitisha uzoefu wa kazi wa angalau miaka mitatu ndani ya miaka saba iliyopita na kuwa na ofa yenye mshahara unaofikia kima kilichowekwa. Kwa mwaka 2025 kima hicho kilikuwa euro 43,759.80 kwa mwaka, nacho hubadilika kila Januari. Mwenye shahada huangalia kwanza kama chuo chake kinatambuliwa katika hifadhidata ya Anabin. Mishahara hutajwa kabla ya makato. Mtu asiye na ndoa anayelipwa euro 50,000 hubaki na takriban theluthi mbili baada ya kodi na michango ya bima. Mwenye nyumba naye anaruhusiwa kisheria kudai dhamana ya hadi kodi ya miezi mitatu.

Uingereza imekuwa ghali zaidi. Kima cha jumla cha mshahara kwa viza ya mfanyakazi mwenye ujuzi kilipandishwa hadi pauni 41,700 Julai 2025, na kila mtu mzima hulipa ada ya afya ya pauni 1,035 kwa mwaka, yote kwa mkupuo wakati wa kuomba. Kwa viza ya miaka mitatu hizo ni pauni 3,105 kabla ya tiketi. Swali la kuuliza mapema ni nani anazilipa. Marekani hutoa viza mpya za H-1B kwa bahati nasibu, 65,000 kwa mwaka na 20,000 za ziada kwa wenye shahada ya juu ya huko, na tangu Septemba 2025 mwajiri anayemwombea mtu aliye nje ya nchi hudaiwa dola 100,000. Kwa kampuni nyingi hilo limefunga mjadala, na kijana asiyapange maisha yake juu ya viza hiyo.

Falme za Kiarabu hazitozi kodi ya mapato ya mtu binafsi, na saa za Dubai zinapishana na za hapa kwa saa moja tu. Lakini ukaazi umefungwa na ajira, na kiinua mgongo, ambacho ni siku 21 kwa kila mwaka katika miaka mitano ya kwanza, hukokotolewa kwa mshahara wa msingi bila posho. Ofa yenye posho nyingi na msingi mdogo hupendeza mwezi wa kwanza na kuumiza siku ya kuondoka.

Maandalizi ya karatasi huanza mwaka mzima kabla: pasipoti yenye muda wa kutosha, vyeti halisi, na barua za waajiri zinazotaja tarehe, cheo na kazi zilizofanywa, kwani uzoefu usio na barua hauhesabiki ubalozini. Lugha nayo ina thamani inayopimika. Mwenye Kadi ya Buluu nchini Ujerumani anaweza kuomba ukaazi wa kudumu baada ya miezi 27 akiwa na Kijerumani cha kiwango cha A1, na baada ya miezi 21 akifikia B1. Mwenzi wake hadaiwi cheti cha lugha ili kumfuata, na anaruhusiwa kufanya kazi tangu anapopata kibali chake cha ukaazi.